Una kisukari na corona imekupata? Anza kwa kupima

Nina kisukari aina ya kwanza, mwaka wa 19 huu. Corona iliponipata, usiku wa pili wa homa nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu asubuhi. Nikasema, kwa kuwa sijala, leo sijichomi insulini. Mume wangu akakataa: pima kwanza. Akanimulikia kwa simu, nikajitoboa kidole pembeni, tone likanyonywa na kijiti, kipimo kikasoma milimoli 17.8. Tumbo tupu, na sukari 17.8!

Mwili unapopambana na maambukizi humwaga homoni kama kotisoli na adrenalini. Ini nalo hutoa sukari liliyoihifadhi, na insulini haifanyi kazi kama siku zote. Sukari ikikaa juu, kinga hulegea. Huko Uingereza, mwaka 2020, karibu theluthi ya waliofia hospitalini kwa corona walikuwa na kisukari. Kwa hiyo naomba sana ujiandae ungali mzima.

Nenda kwa daktari wako na daftari. Muulize: nikiugua, dozi ya insulini niibadilishe vipi? Nikitapika au kuharisha, dawa zipi zisimame? Metformini na dawa za jamii ya gliflozini (vidonge vinavyotoa sukari kupitia mkojo) mara nyingi husimamishwa kwa muda mtu akipungukiwa maji mwilini, lakini insulini ya msingi, ile inayofanya kazi kwa muda mrefu, haikatizwi, hata kama huli. Usijiamulie kitandani kama nilivyotaka kufanya mimi. Weka akiba ya vijiti vya sukari na vya ketoni (asidi zinazojaa mwilini insulini ikipungua), na kipima oksijeni cha kidoleni. Pata chanjo pia.

Ukishaugua, pima kila baada ya saa 4, usiku pia, na awepo wa kukuamsha. Nawa mikono kwanza, maana utomvu wa tunda kidoleni hupandisha namba ya uongo. Andika saa na namba. Ikizidi 14 (kwa kipimo cha miligramu, 250), pima ketoni. Ikishuka chini ya 4 (70), kunywa kitu chenye sukari papo hapo. Maji yawe mafundo madogo madogo, mchana kutwa. Mpigie daktari mapema, kwani vidonge vya kupambana na virusi huanzwa ndani ya siku 5 za mwanzo za dalili.

Usisubiri kuche ukiona kutapika kusikokoma, kuchanganyikiwa, pumzi nzito za haraka, mdomo unaonuka kama tunda lililoiva mno, ketoni zilizopanda, au oksijeni asilimia 92 kushuka chini. Nenda hospitali.

Ukifika, taja kisukari mlangoni. Anayehitaji oksijeni huweza kupewa deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe mwilini. Inaokoa maisha ila hupandisha sukari, hivyo lazima wakupime mara kwa mara. Mimi niliandika kikaratasi: aina ya kisukari, dawa zangu, saa ya dozi ya mwisho, namba ya mume wangu. Nilikibandika nyuma ya simu, kwa sababu usiku ule sentensi moja tu ilinimaliza pumzi.