Matairi chakavu yana soko, ila yaandae hivi kabla hujayapeleka kiwandani

Kama unazunguka gereji na kwa mafundi pancha kukusanya matairi, nakuomba kitu kimoja kabla ya vyote, usiyachome ili upate waya. Najua skrepa inatoa hela ya chapchap lakini hapo umeteketeza mpira ambao ndio mzigo wenyewe, na ule moshi wanauvuta watoto wa mtaani kwako.

Soko linakua kweli. Ulaya tangu 2006 ni marufuku kufukia tairi dampo hata likiwa limekatwakatwa, so viwanda vikaongezeka, na huku kwetu vimeanza. Anza kwa kuuliza kiwanda chako kinafanya nini. Kuna wanaosaga, sumaku inavuta waya, zinabaki chenga za mpira za kuweka kwenye viwanja vya nyasi bandia, mazulia, hata lami. Wengine wanafanya pairolisisi, yaani tairi linafungiwa kwenye tanuru lisilo na oksijeni, joto kama nyuzi 400 mpaka 500 za Selsiasi, linatoa mafuta, gesi, masizi ya kaboni na chuma. Tairi haliyeyuki ukalimwaga upya kama ndoo ya plastiki, mpira wake umeshapikwa na salfa, ndo maana inabidi mashine kubwa hivyo.

Sasa mzigo wako. Toa rimu, tyubu, misumari na mawe. Ya lori weka kivyake, yana waya wa chuma na mpira mwingi wa asili, ya gari ndogo yana nyuzi za kitambaa zinazosumbua wasagaji. Halafu mwaga maji yote na funika turubai, hapa usifanye uvivu kabisa, tairi lenye maji ndo nyumba ya mbu wa dengue, na Dar tumeumwa 2014, tukaumwa tena 2019.

Kwenye usafiri tairi ni uwazi mtupu, Fuso inajaa wakati uzito bado kidogo, kwa hiyo ingiza dogo ndani ya kubwa. La gari ndogo halifiki hata kilo 10 mara nyingi, la lori linaweza kupita 50, kwa hiyo piga hesabu ya nauli kwa kilo sio kwa idadi, na mkubaliane mapema nani anailipa. Kibali waulize NEMC (baraza la taifa la mazingira) na halmashauri kabla hujapakia.

Na yale ambayo ubavu bado mzima mpitishie kwanza fundi wa katambuga, anaweza kukupa bei nzuri kuliko kiwanda.