Saizi ya tairi za baridi kwa Volkswagen Golf ya kizazi cha saba

Golf inayotumia tairi za 225/45R17 (upana kwa milimita, kimo cha ukuta kwa asilimia ya upana, kisha rimu kwa inchi) hutulia zaidi kwenye theluji ikivishwa 205/55R16. Kipenyo hupungua milimita 2 na ushei tu, hivyo spidomita haipotoshi, na ukuta mrefu wa tairi huikinga rimu na mashimo yaliyofunikwa. 195/65R15 ni rahisi kwa bei, lakini rimu ya inchi 15 inaweza kugonga kalipa (vishikio vya pedi) za breki kubwa: ifunge ikiwa tupu, izungushe kwa mkono, ndipo ununue tairi.

Rimu iwe na matundu 5 kwenye duara la milimita 112. Tundu la kati ni milimita 57.1, likizidi, weka pete ya kuziba nafasi, la sivyo usukani utatetemeka. Uzito ambao tairi inaweza kubeba usishuke chini ya ulioandikwa kwenye hati za gari. Namba 91 baada ya saizi maana yake kilo 615 kwa tairi. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, alama ya M+S (matope na theluji) pekee haitoshi kwa tairi ya baridi: lazima iwepo alama ya mlima na chembe ya theluji.