Habré comido: jinsi ya kusema "nitakuwa nimekula" kwa Kihispania

Wanafunzi wengi wakifika hapa wanaogopa bure, kumbe sisi tunaisema kila siku, "nitakuwa nimekula", ndo hiyohiyo habré comido.

Hatua ya 1: shika haber, kitenzi kisaidizi, ya wakati ujao. Habré (mimi), habrás (wewe), habrá (yeye), habremos (sisi), habréis (ninyi), habrán (wao). Habréis ni ya Uhispania, ukiongea na watu wa Mexico au Kolombia wewe tumia habrán. H haitamkwi, na mkazo uweke mwisho, hapa ndo tunateleza sana maana tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, sasa ukikaza habré kwa Kiswahili mtu anasikia abre, yaani "fungua"! Ni habremos tu inayokazwa kama tulivyozoea, ndo maana haina ile alama juu.

Hatua ya 2: ongeza kitenzi. Hablar inakuwa hablado, comer comido, vivir vivido. Kuna vikorofi vya kukariri tu: hacer/hecho, decir/dicho, ver/visto, escribir/escrito, poner/puesto, abrir/abierto, volver/vuelto, romper/roto. Sisi nafsi tunaiweka mara mbili, NItakuwa NImekula, wao mara moja tu kwenye haber, kwa hiyo comido haibadiliki hata wakiwa wanawake kumi.

Hatua ya 3: usichomeke kitu katikati ya haber na kitenzi. No (ya kukanusha) na lo ("hicho") zinakaa mbele: no lo habré terminado, nitakuwa sijakimaliza.

Sasa itumie. Kwanza kwa jambo litakaloisha kabla ya muda fulani: Para el viernes habré terminado el informe, ikifika Ijumaa nitakuwa nimemaliza ripoti. Ukiweka cuando kuwa makini: Cuando llegues, ya habré comido, ukifika nitakuwa nimeshakula. Ni llegues, sio llegarás, na hiyo "ya" ya Kihispania inafanya kazi ya -sha- yetu.

Pili ni kukisia, na hii naipenda zaidi maana kwenye maongezi ndo inakufanya usikike mwenyeji. Mtu hapokei simu, unasema se habrá dormido, atakuwa amelala. Jambo limeshapita, ila huna uhakika, na Kiswahili kinafanya hivyohivyo kabisa.

Zoezi: rafiki yako kachelewa, andika sababu tano za kukisia. Nakuanzishia: habrá perdido el autobús, atakuwa amekosa basi. Zisome kwa sauti, kaza mwisho wa habrá.