Kufundisha wanaoanza kutengeneza gemu: tangu pembe ya daftari hadi mpira unaodunda

Wiki iliyopita nilikaa na mwalimu mwenzangu anayeanza kufundisha programu. Alikuja na swali moja: "Nianzie wapi ili wasichoke siku ya pili?" Tulimaliza tukiwa na kurasa kadhaa za maandishi. Nimeyapanga hapa kwa yeyote mwenye darasa la watu ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata.

Hatua ya 1: Daftari kwanza, kompyuta baadaye

Kila mwanafunzi achore mpira kwenye pembe ya kila ukurasa, kurasa 20 hivi, kila mara akiusogeza kidogo. Kisha azipeperushe kurasa kwa kidole gumba. Mpira unatembea.

Waulize: kuna mipira mingapi hapo? Wengi watasema mmoja. Waambie wahesabu. Wakishaona ni mipira 20 iliyosimama tuli, na kwamba jicho ndilo linaloiunganisha, umeshawafundisha nusu ya somo zima. Kila ukurasa ni fremu. Sinema imezoeleka kuonyesha fremu 24 kwa sekunde. Programu tutakayotumia huchora fremu 60 kwa sekunde. Usiruke hatua hii hata kama darasa ni la watu wazima.

Hatua ya 2: Chagua chombo kimoja, ubaki nacho

Mimi natumia p5.js, maktaba ya lugha ya JavaScript, yaani mkusanyo wa msimbo uliokwisha kuandikwa wa kuchorea. Lauren McCarthy aliianzisha mwaka 2013, akijenga juu ya Processing, chombo cha kuchora kwa msimbo cha Casey Reas na Ben Fry kilichotoka 2001, na tangu mwanzo p5.js ililenga wasanii na wanaoanza. Inafanya kazi ndani ya kivinjari. Mahali pasipo na intaneti, faili moja la maktaba yake kwenye flashi linatosha darasa zima.

Kwa watoto wadogo, Scratch, ambako programu hujengwa kwa kuunganisha vipande vya rangi, ni bora na sibishani na anayeitumia. Ila mwanafunzi akitoka Scratch kuja huku, mwambie mapema jambo hili: kwenye Scratch sifuri iko katikati ya jukwaa na y, namba ya mahali kwa wima, ikiongezeka kitu kinapanda. Kwenye p5.js sifuri iko pembe ya juu kushoto, na y ikiongezeka kitu kinashuka. Usipolisema, atadhani amekosea kila mahali.

Injini kubwa za gemu, yaani programu za kutengenezea gemu zenye vitufe mia, ziacheni kwanza. Mwanafunzi atajifunza kubofya, hatajifunza kufikiri. Na msipakue picha za wahusika kutoka mtandaoni. Duara linatosha kwa mwezi mzima. Nimeona vipindi vizima vikiishia kwenye kutafuta picha ya gari.

Hatua ya 3: Duara lililosimama

Wachore duara, wabadilishe namba, waone linahamia wapi. Dakika kumi.

Hatua ya 4: Lisogee

Hapa ndipo kigeu kinapoingia. Mimi hukieleza kama kisanduku chenye jina, na ndani mna namba inayoweza kubadilishwa. Wape majina ya Kiswahili. Kompyuta haijali, na mwanafunzi anayesoma `kasiY` anaelewa anachokisoma. Kwenye msimbo huu, `setup` hufanyika mara moja mwanzoni, na `draw` hurudiwa kila fremu.

```
let mpiraY = 50;
let kasiY = 7;

function setup() {
  createCanvas(400, 400);
}

function draw() {
  background(220);
  mpiraY = mpiraY + kasiY;
  circle(200, mpiraY, 20);
}
```

Waandike kwa mikono yao, herufi kwa herufi. Kunakili na kubandika ni marufuku darasani kwangu, kwa sababu mabano yaliyosahaulika ndiyo yanayomfundisha mtu kuyaona mabano.

Makosa mawili yatajitokeza. La kwanza, mtu ataweka `let mpiraY = 50` ndani ya `draw`. Kwa kuwa `draw` hurudiwa mara 60 kwa sekunde, kisanduku kinaundwa upya kila fremu na mpira haubanduki. La pili, atasahau `background`, na mpira utaacha mkia mrefu. Usimsahihishe haraka. Mrudishe kwenye daftari: hiki ni sawa na kuchora mipira yote 20 kwenye ukurasa mmoja. `background` ndiyo inayofungua ukurasa mpya.

Hatua ya 5: Lidunde

Hatua hii iliwahi kunila mchana mzima, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mpira una kipenyo cha 20, yaani nusu kipenyo chake ni 10. Sakafu iko 400, yaani ukingo wa chini wa eneo la kuchorea. Basi mpira unagusa sakafu `mpiraY` ikifika 390. Wengi wataandika `if (mpiraY == 390)`, na mpira utapita sakafu kama haipo. Wape kalamu wahesabu: tumeanza 50, tunaongeza 7 kila fremu. Tutafika 386, halafu 393. 390 yenyewe hatuigusi kamwe. Kwa hiyo tunauliza kama *imezidi*, hatuulizi kama *ni sawa*:

```
if (mpiraY > 390) {
  kasiY = -kasiY;
}
```

Mpira unadunda. Sakafu ikishakubali, weka sharti (swali la `if`) kama hilo kwa ukingo wa juu, `mpiraY < 10`. Darasa linashangilia, na ni halali yao.

Kisha atatokea mmoja mwenye jicho, aseme mpira wa kweli hupungua nguvu kila unapodunda. Yuko sahihi. Mnabadilisha mstari kuwa `kasiY = -0.8 * kasiY`. Baada ya muda utasikia: "Mwalimu, mpira umenasa chini. Unatetemeka tu, haupandi."

Siku nilipoulizwa swali hilo kwa mara ya kwanza sikuwa na jibu. Nilibadilisha rangi, nikabadilisha kivinjari, nikaandika programu nzima upya. Msimbo ulikuwa unafanya hasa nilichouagiza. Jibu lilipatikana nilipoacha kibodi na kuchukua karatasi, na tangu siku hiyo huwafanyisha wanafunzi zoezi lilelile. Mmoja anakuwa kompyuta, mwingine anaandika ubaoni:

Mpira uko 389, kasi 10. Unasogea hadi 399. Umezidi 390, kasi inageuka kuwa −8.
Unasogea hadi 391. Bado umezidi 390! Kasi inageuka tena, inakuwa 6.4, yaani kuelekea chini.
397.4. Umezidi. Kasi −5.12.
392.28. Umezidi. Kasi 4.096.

Mmeona? Mpira uliingia ndani ya sakafu kwa hatua 9, lakini nguvu ya kurudi ilikuwa 8 tu. Haukuwahi kutoka nje, na kila fremu sharti linaugeuza upya. Kasi isipopungua, mpira unarudi kwa hatua ileile ulioingilia, ndiyo maana hapo mwanzo haukuonyesha shida.

Dawa ni mstari mmoja: kabla ya kugeuza kasi, rudisha mpira juu ya sakafu.

```
if (mpiraY > 390) {
  mpiraY = 390;
  kasiY = -0.8 * kasiY;
}
```

Sasa tahadhari zake.

Panga hivi: sogeza, kagua, halafu chora. Ukichora kabla ya kukagua, mpira utaonekana umezama kwa fremu moja kila unapodunda, na macho ya vijana yanakamata.

Kuna dawa nyingine utaiona kwa watu: kugeuza kasi pale tu mpira unaposhuka, `mpiraY > 390 && kasiY > 0`. Kwa mpira wa kawaida inafanya kazi. Lakini mkiongeza mvutano wa ardhi, `kasiY = kasiY + 0.5` kila fremu, mpira ukishachoka utaanza kuzama sakafuni polepole, kwa sababu hakuna kinachourudisha juu. Mimi nafundisha kurudisha mahali, basi.

Na msiweke mvutano kabla kudunda hakujakaa sawa. Mambo mawili mapya kwa siku moja hufanya mtu asijue lipi limevunja programu.

Hatua ya 6: Kibao na pointi

Kibao ni mstatili unaofuata kipanya: `kibaoX = mouseX`. Kipanya ni rahisi kuliko vitufe vya kibodi kwa mwanzo. Mpira ukigusa kibao, usiandike `kasiY = -kasiY`. Mpira ukiingia kwa ubavuni utabaki ndani ya kibao kwa fremu kadhaa ukigeuzwageuzwa, ugonjwa uleule wa sakafu. Andika `kasiY = -abs(kasiY)`, maana yake: vyovyote ulivyokuja, nenda juu.

Kama mnakagua kitovu cha mpira tu na kibao kina unene wa pikseli (nukta za skrini) 10, kasi isizidi 10. Ikifika 25, inaweza kutokea fremu moja mpira uko juu ya kibao na inayofuata uko chini yake, na haukuonekana ndani hata mara moja. Waambie wahesabu wenyewe.

Pointi: kigeu kimoja, kiongezwe moja kila mpira ukigusa kibao.

Hatua ya 7: Waachie

Hapo tayari wana gemu ya ukoo wa Pong, ile ya mpira na vibao ya kampuni ya Atari ya mwaka 1972. Sasa usitoe zoezi jingine. Sema: badilisheni kitu kimoja kiwe chenu. Mwingine ataweka mipira miwili, mwingine kibao kitapungua kila ukipata pointi, mwingine ataandika jina lake kwa herufi kubwa na kuridhika. Pita katikati yao, na anayekuita usishike kipanya chake. Mwulize thamani ya `mpiraY` ni ngapi kwenye fremu hii, na itakuwa ngapi kwenye inayofuata, kisha umpe kalamu.