Jinsi ya kusoma unyoya kwenye kofia ya mwanajeshi

Watu wakiona askari ana unyoya kichwani wanakimbilia rangi, wanabishana weee, kumbe rangi ndo ya mwisho kuangalia. Anza na upande. Na upande namaanisha wake yeye aliyevaa, sio wako unayemtazama, hapo ndo wengi wanachemka wakiangalia picha.

Chukua walinzi wa Mfalme wa Uingereza, wale wa koti jekundu na likofia refu la ngozi ya dubu. Wako vikosi vitano: Grenadier wana shada (kile kishungi cha pembeni ya kofia) jeupe kushoto, Coldstream jekundu kulia, Irish la bluu kulia, Welsh jeupe lenye kijani katikati, nalo liko kushoto, Scots hawana kabisa. Kama shada halionekani we hesabu vifungo vya koti, vikikaa vitatu vitatu huyo ni Scots, umemaliza.

Baada ya upande angalia ni unyoya wa ndege gani, maana kwa Waitaliano cheo kiko hapo hapo. Alpini, askari wao wa milimani walioanzishwa 1872, wanachomeka unyoya mmoja tu kushoto, umesimama ila umelalia nyuma kidogo. Mweusi wa kunguru ni askari wa kawaida, wa kahawia wa tai ni wenye vyeo mpaka kapteni, ukiona mweupe wa bata bukini basi huyo ni meja kwenda juu. Ndo maana Alpini wanaitwa manyoya meusi, na wenzao waliofia vitani wanaitwa manyoya yaliyokatika (hii huwa inanigusa sana). Usiwachanganye na Bersaglieri, askari wengine wa miguu wa Italia, wao ni furushi zima la manyoya linaning'inia kulia, mpaka kwenye helmeti wanalivaa.

Sasa ndo uje kwenye rangi. Kishada chekundu juu cheupe chini ni Fusiliers, kikosi cha miguu cha Uingereza, inasimuliwa wazee wao waliwapiga Wafaransa kisiwani St Lucia, Karibi, 1778 wakachukua manyoya meupe kwenye kofia za maiti. Ile nyekundu watu wanasema walichovya kwenye damu, stori tamu ila ukweli ni wa kiofisi zaidi, 1829 jeshi lote la miguu lilipewa shada jeupe, hawa wakaongezewa nyekundu ili wasifanane na wengine.

Na ukikutana na picha ya wapanda farasi wa Australia wa vita ya kwanza ya dunia, manyoya yale marefu kofiani ni ya emu, ndege mkubwa wa kwao, ila wenyewe walikuwa wakiulizwa wanajibu bila kucheka kwamba ni manyoya ya kangaruu.