SOMO: Kusoma makaburi ya mawe ya Painswick bila kuyaharibu

Wakuu, naliweka hapa mara moja, maana kila wiki naulizwa: maandishi ya makaburi ya zamani yaliyofifia yanasomwaje bila kuyaharibu? Ni kuhusu uwanja wa kanisa la St Mary's, Painswick, Gloucestershire, Uingereza. Makaburi yake mengi yalichongwa karne ya 17 na ya 18 kwa fedha za wafanyabiashara wa nguo za sufu. Jiwe ni la chokaa, limechimbwa kilimani hapo hapo. Ni laini: ndiyo maana nakshi zilitoka nzuri vile, na ndiyo maana zinafutika.

1. Nenda asubuhi au alasiri, jua likiwa chini.

2. Zunguka kaburi zima. Usiegemee wala kukalia. Mawe mengine yamelegea.

3. Kusoma maandishi. Hapa ndipo watu wanapoharibu. USIPAKE chaki, unga wala povu la kunyolea. USISUGUE kwa brashi ya waya. USIBANDUE yale madoa ya kijivu na manjano. Ni viumbe hai, na ukivibandua vinaondoka na uso wa jiwe. Chaki huingia kwenye vitundu ikabaki humo. Brashi ya waya hukwangua herufi zenyewe. Chukua kioo cha kujitazamia, simama ubavuni mwa kaburi, rudisha jua lipite juu ya jiwe kwa mshazari. Herufi zitatoa vivuli na utasoma hata zilizolika. Kukiwa na mawingu, tochi inatosha.

4. Tarehe. Kabla ya 1752 mwaka wa Waingereza ulianza 25 Machi. Ukikuta Februari 1729/30, si kosa la mchongaji: kwao ulikuwa bado 1729, kwetu ni 1730.

5. Piga picha, nakili majina.

MASWALI

— Mkuu, chaki kidogo tu je?
Hapana. Hatua ya 3.

— Na siki?
Siki ni asidi, jiwe ni chokaa. Inalila. Usithubutu.

— Mbona mkali hivyo? Mimi nilisugua kaburi la babu wa mke wangu kwa waya, likang'aa.
Liling'aa kwa sababu umeondoa uso wake, na haurudi. Halafu kusafisha kaburi kwenye uwanja wa Kanisa la Uingereza kunahitaji ruhusa. Anza kwa kasisi wa parokia.

— Kaka, samahani, marehemu yumo ndani ya lile sanduku la jiwe linalosimama juu ya kaburi?
Swali zuri sana. Kwa kawaida hayumo. Amezikwa ardhini, sanduku ni tupu. Mabamba yake mara nyingi yalishikizwa kwa vyuma, na chuma kikipata kutu hutanuka kikapasua jiwe, kwa hiyo kague pembe. Ukifika, tafuta vichwa vya malaika wenye mabawa, kisha yale makaburi marefu ya mviringo ambayo wenyeji wanayafananisha na makopo ya majani ya chai. Usikose piramidi: ni kaburi la John Bryan, mwashi wa hapo, aliyefariki 1787.

— Burford nako vipi?
Nenda! Ni mji ulio Oxfordshire, Uingereza. Kule baadhi ya makaburi yana kifuniko cha nusu duara chenye mifereji, na watu huyaita marobota ya sufu, ingawa wapo wanaopinga maana hiyo. Na kama unafuatilia ukoo, omba kuona rejista za mazishi. Sheria za 1666 na 1678 ziliagiza maiti avikwe sanda ya sufu, na rejista nyingi zinaonyesha kama agizo lilifuatwa.