Tumbo Likikataa Chakula
Mwezi jana niliharisha siku mbili, kisha hata harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Kibuye, Kisumu, ikawa inanichefua. Nikajilazimisha ugali, ukarudi wote. Usinifuate huko. Anza na maji: lita 1 iliyochemshwa ikapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, si vya mlima. Chumvi ikizidi ni hatari. Kunywa mafunda madogo madogo kutwa. Halafu uji mwepesi wa wimbi, nusu kikombe, baada ya saa mbili nusu nyingine. Mama mkwe hutia ndimu, mimi sitii. Ndizi mbivu, wali laini. Samaki wa kukaanga angoje. Ukiona damu chooni, homa kali, au hata maji hayakai tumboni, panda boda uende hospitali.